Ijumaa ya Pagume

Yeshimebet alitoka kwenye chumba cha mionzi mapema mno, vifungo vya gauni kavifunga kombo, na Shiferaw akajua kuna jambo kabla mkewe hajafungua kinywa. Kwa kawaida alikaa mle robo saa nzima. Leo hata chai aliyomnunulia haijapoa.

"Wamenivua, wakanilaza, wakaniambia nivae," alisema. "Kompyuta hainijui."

"Haikujui vipi? Ijumaa ilikujua."

"Kaiulize wewe. Si ndiyo unayoilinda?"

Ulikuwa utani wa mtu aliyechoka, lakini ulikuwa kweli. Mwaka wa kumi na tisa huu Shiferaw alikuwa mlinzi wa hospitali ile ya Addis Ababa, na kituo chake kilikuwa mlango wa chumba cha kompyuta kubwa, ghorofa ya chini, yalimowekwa majina, picha na vipimo vya wagonjwa wote. Kilichomo ndani ya yale makabati yanayonguruma hakukijua. Alijua nani aingie na nani asiingie. Na alijua kwamba mkewe ana saratani ya mlango wa kizazi, kwamba daktari ameagiza vipindi ishirini na vitano vya mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa bila kuruka, na kwamba akivimaliza atapona. Daktari alilitamka neno hilo, kupona, na Shiferaw akalibeba mpaka nyumbani kama yai. Leo kilikuwa kipindi cha kumi na moja.

Benchi za ukumbini zilikuwa zimejaa. Watu waliotoka mikoani na magodoro yao walikuwa wamekaa wamekumbatia makaratasi. Ndipo akateremka mkurugenzi mwenyewe, Ato, yaani Bwana, Fikremariam, suti ya kijivu, simu mbili mkononi.

"Ndugu wagonjwa, ni hitilafu ndogo ya umeme. Rudini Alhamisi."

Taa zote juu ya kichwa chake zilikuwa zinawaka.

Mzee mmoja mwenye uvimbe wa koo, sauti yake imebaki kama mchanga unaochekechwa, aliinua fimbo. "Umeme gani huo, bwana mkubwa, unaoacha taa ukachukua majina ya watu?"

Watu walicheka, kile kicheko cha wasio na la kufanya. Ato Fikremariam hakucheka. Aliangaza huku na huku, akamwona Shiferaw.

"Wewe, mlinzi. Badala ya kunywa chai na wanawake, ondoa watu hawa hapa."

Shiferaw alikiweka kikombe chini. Akaanza kuwaondoa watu, na wa kwanza kumwondoa alikuwa mkewe.

* * *

Bezawit, karani wa kompyuta, alikuwa ameketi sakafuni ndani ya chumba cha kompyuta kubwa, mgongo kwenye kabati, macho mekundu. Binti wa miaka ishirini na sita, mcheshi siku zote. Kwenye kioo cha kompyuta mbele yake palikuwa na maandishi meupe juu ya wekundu, kwa Kiingereza.

"Yanasema nini, mwanangu?"

"Yanasema kila kitu kimefungwa kwa kufuli, Gashe, na ufunguo wanao wao," alisema, akimwita kwa heshima ya mzee. "Wanataka dola laki nne. Tusipolipa ndani ya siku kumi, wanachoma."

"Wao kina nani?"

"Ningewajua ningekuwa nimekaa chini hivi? Wezi. Wako popote."

Shiferaw alitazama mlango wake. Kufuli lake lilikuwa zima, komeo zima. Usiku na mchana hakupita mtu asiyeandikwa daftarini. "Hapa hajaingia mtu," alisema.

"Wameingilia juu, kwa bwana mkubwa." Bezawit alipunguza sauti. "Alipelekewa barua ya kompyuta, mwaliko wa semina Dubai, hoteli na tiketi juu yao. Akaifungua. Nilishamwambia mara mia, barua usiyoijua usiifungue. Akaniuliza mimi ni nani wa kumkataza kulala Dubai."

"Si kuna ule mpango? Walikuja wale wataalamu, wakala kondoo watatu, wakaandika kitabu cha nini kifanyike siku ya balaa."

Bezawit alicheka kwa pua. "Kipo. Kimehifadhiwa humo humo ndani, Gashe. Kimefungwa na wenzake."

Huko mtaani kwa Shiferaw palikuwa na chama cha kuzikana, watu sitini, wengi wao hawajamaliza darasa la nne. Majina ya wanachama waliyaandika kwenye madaftari matatu, yaliyolazwa nyumba tatu tofauti, kwa sababu mwaka mmoja mto ulipanda ukabeba moja. Hakuna mtaalamu aliyekula kondoo wao ili kuwafundisha hilo. Lakini wenye suti ndio wenye kuamua, na wanaoamua hawalali kwenye benchi.

* * *

Alhamisi ilifika, mashine ikabaki kimya. Ijumaa vilevile. Jumatatu iliyofuata wagonjwa hawakuambiwa tena habari ya umeme. Waliambiwa wasubiri.

Nyumbani, Yeshimebet alioga kwa kitambaa kilichokamuliwa, akizunguka zile alama za wino walizomchora ubavuni na chini ya kitovu ili mashine ijue pa kupiga. Aliambiwa zisifutike. Wubalem, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane auzaye mikate ya injera, ndiye aliyemsugua mgongo.

"Umechorwa kama kiwanja cha mpira," Wubalem alisema. "Bao lifungwe basi, tujue."

"Refa amekimbia na filimbi."

Wanawake hao wawili walicheka hadi Yeshimebet akashika tumbo, kisha kicheko kikaisha na mkono ukabaki pale pale tumboni. Shiferaw alikuwa mlangoni na sahani ya mchuzi wa shiro. Aliona damu kwenye kitambaa. Tangu kipindi cha saba cha mionzi damu ilikuwa imekoma, na Yeshimebet alikuwa amevitia vile vitambaa vyake vya kujisitiri ndani ya sanduku, akasema havihitaji tena.

"Usinitazame hivyo," alimwambia mumewe. "Ni kidogo."

* * *

Siku ya tisa Bezawit alikuja mbio hadi kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Gashe, ile diski ya mwisho uliyobeba iko wapi?"

"Ilipo siku zote. Ghala la zamani la dawa, sanduku la chuma. Ufunguo huu hapa."

Kila Ijumaa, kwa miaka minne, Bezawit alikuwa akinakili vitu vyote vya hospitali kwenye diski moja nene kama tofali, anaizungushia taulo, anamkabidhi Shiferaw, naye anavuka ua nayo hadi ghalani na kurudi na ile ya wiki iliyopita. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Aliifanya kazi hiyo kama mtu anayepeleka mkate kanisani, na wenzake walimwita baba wa tofali. Mwaka mpya ulipoingia, mwezi wa Meskerem, mkurugenzi alisimamisha jambo hilo. Hatuishi zama za kubebana, alisema. Diski zikae zimechomekwa kwenye kompyuta saa zote, zijinakili zenyewe. Kwa hiyo wezi walipoingia walizikuta hapo hapo zinawasubiri, wakazifunga nazo. Iliyosalia ni ile moja iliyosahauliwa ghalani.

Walikwenda wote wawili. Bezawit aliichomeka kwenye kompyuta mpya isiyounganishwa na chochote, akauma kucha, kisha majina yakaanza kushuka kwenye kioo kama mvua. Akaruka akamkumbatia mzee wa watu.

Ndani ya saa moja habari ilienea. Mafundi wa mionzi walikuja kumpa mkono. Yule mzee wa koo alimbusu begani. Hata Ato Fikremariam alishuka, akasema mbele ya watu, "Huyu ndiye mfanyakazi," huku akimpigapiga mgongoni kama mtu anayempigapiga punda. Orodha ya waliopatikana ramani zao za mionzi ilisomwa ukumbini, jina, jina la baba, jina la babu. Watu mia moja na arobaini. Kila jina lilipotajwa mtu alifanya ishara ya msalaba au alishusha pumzi.

Yeshimebet Zewdie hakutajwa.

"Mtafute," Shiferaw alimwambia Bezawit walipobaki wawili. "Labda wamekosea herufi."

Bezawit alitafuta. Akatafuta kwa jina la baba, akatafuta kwa namba ya kadi. "Jina lake lipo, na vipimo vya mwanzo vipo. Ramani ya mionzi ndiyo haipo. Ilichorwa lini?"

"Pagume tatu."

Vidole vya Bezawit vilisimama juu ya vitufe. "Diski hii ni ya Nehase ishirini na sita," alisema taratibu. "Ijumaa iliyofuata ndiyo ilikuwa hiyo Pagume tatu."

Siku hiyo wote wawili walikuwapo.

Kwa kalenda ya Ethiopia, Pagume ni mwezi wa kumi na tatu, unaofuata Nehase, siku tano tu, mwaka mwingine sita, kisha mwaka unageuka. Serikali haina mshahara wa Pagume. Mtu hufanya kazi siku hizo kama mtoto anayetumwa dukani. Ratiba ya kunakili iliyobandikwa ukutani ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na Pagume haikuwa na ukurasa, wala pa kutia sahihi. Ijumaa hiyo Bezawit alitoka na tofali lake ndani ya taulo, kama kawaida. Shiferaw alikuwa ameketi juani na walinzi wenzake wawili, miguu kainyoosha.

"Gashe, leo Ijumaa."

"Ijumaa ya nani? Nchi hii ina miezi kumi na mitatu ya kazi na kumi na miwili ya mshahara. Tofali na lipumzike. Tutabeba Meskerem."

Wenzake walicheka sana. Bezawit naye alicheka, akageuka na taulo lake. Na Meskerem ilipoingia ikaja na amri ya mkurugenzi.

"Usimwambie mtu," Shiferaw alisema sasa.

"Nimwambie nani, Gashe? Mimi pia nilicheka."

* * *

Daktari Selamawit aliwapokea akiwa amesimama, kwa kuwa viti vyake viwili vilikuwa na mafaili ya karatasi yaliyofufuliwa toka stoo. Hakuzunguka.

"Mama Yeshimebet, inabidi tuanze upya. Upigwe picha upya, ramani ichorwe upya. Alama hizo mwilini sasa hazina maana, unaweza kuoga."

"Nianze lini?"

"Walioko mbele yako ni wengi. Foleni imefika Tahsas ishirini."

"Miezi miwili," alisema Shiferaw.

"Naijua, baba. Siipangi mimi."

Yeshimebet alikuwa anafunga na kufungua kifungo kimoja cha sweta. "Uliniambia kupona."

Daktari alitazama mafaili yake. "Uvimbe haungoji kompyuta. Ukiachwa katikati hurudi na hasira. Ukianza ndani ya wiki moja, hata kwingine, bado nina matumaini. Mpaka Tahsas, nitakudanganya nikisema zaidi ya kwamba tutajaribu."

Njiani kwenda kituo cha basi Yeshimebet alinunua sabuni ya kipande. Mumewe hakuuliza ya nini.

* * *

Shiferaw aliitwa ofisi ya mkurugenzi siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Miaka kumi na tisa, hakuwahi kukaa kwenye kiti cha ofisi ile, na hata siku hiyo hakuambiwa akae.

"Wizara inaleta wachunguzi," alisema Ato Fikremariam. "Wanataka kujua kwa nini nakala za akiba hazikuwapo. Nimeandaa maelezo yako. Soma, utie sahihi."

Shiferaw alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Karatasi ilisema kwamba mlinzi aliyepewa jukumu la kuhamisha nakala alikataa mara kwa mara kulitekeleza, na hivyo kuisababishia hospitali hasara.

"Mara kwa mara ni uongo," alisema. "Ilikuwa mara moja."

Mkurugenzi alikuwa ameshika kalamu. Aliiweka mezani. "Mara moja?"

Hapo ndipo Shiferaw alipotambua kwamba bwana yule hakuwa anajua lolote. Alikuwa ameokota mtu tu, kama mtu anavyookota jiwe la kuzuia gurudumu. Na jiwe limejisemea lenyewe.

"Pagume," alijibu, kwa kuwa neno lilikwisha toka. "Lakini wewe ndiye uliyesimamisha kabisa. Meskerem. Ulitoa amri."

"Amri ipi? Nionyeshe."

"Uliituma kwa wote. Bezawit aliisoma."

"Niliituma kwa kompyuta, Shiferaw." Ato Fikremariam alifungua mikono, karibu kwa upole. "Na kompyuta zimefungwa."

Kisha mkurugenzi akavuta droo, akatoa bahasha yenye mhuri, akailaza kando ya maelezo yale.

"Nimesikia habari ya mkeo. Mganga mkuu wa hospitali ya Harar tulisoma pamoja. Wana mashine mpya, foleni fupi. Barua hii ikimfikia, Jumatatu anapigwa picha, Jumatano anaanza mionzi. Mimi si mtu mbaya."

"Na kazi yangu?"

"Utaondoka vizuri. Kiinua mgongo sitakigusa chote."

Shiferaw alizitazama karatasi mbili zile. Moyoni alimtukana matusi ambayo hata jeshini hakuyatumia. Alimwambia kwamba mwizi alifunguliwa mlango na kidole chako wewe, kwa tamaa ya hoteli ya Dubai. Kwamba ukurasa wa kumi na tatu kwenye ratiba ungekugharimu karatasi moja. Kwamba siku tano za mshahara wa mlinzi hazifiki chakula chako cha mchana. Yote hayo aliyasema moyoni. Mdomo wake ulisema, "Nisaini wapi?"

* * *

Yeshimebet alikuwa amekaa barazani na sinia la dengu, anachambua mawe. Alikuwa ameoga. Ngozi ya shingo iling'aa, na harufu ya sabuni ilifika mpaka getini. Wubalem alikuwa upande wake wa ukuta, moshi wa jiko lake unapanda.

Yeshimebet aliisoma barua ya Harar mara mbili, kwani yeye alisoma kuliko mumewe.

"Jumatatu? Hii Jumatatu? Umeipataje?"

Alimwambia. Karatasi ya maelezo, wachunguzi, kazi imekwisha. Yeshimebet aliweka sinia chini, akamshika kifundo cha mkono. Hakuwa amemshika hivyo tangu mwaka huu wa ugonjwa uanze.

"Umetia sahihi uongo kwa ajili yangu," alisema. "Miaka kumi na tisa, Shiferaw. Umeitupa kwa ajili yangu."

Angeweza kuliacha hapo. Ilikuwa mchana mzuri, mkono wake ulikuwa na joto, na kati ya wachache waliojua hakuna ambaye angemwambia mkewe. Lakini alikwisha lala na jambo hilo siku tatu, na kila alipogeuka lilikuwa limelala upande huo.

"Si uongo wote," alisema.

Akamsimulia ile Ijumaa, na taulo, na wenzake juani, na alichosema. Hata kicheko hakukificha. Yeshimebet aliuondoa mkono wake polepole, kama mtu anayeondoa kitu jikoni kisimwagike, akalirudisha sinia mapajani.

"Pagume tatu," alisema. "Siku hiyo nililazwa kwenye mashine ya picha saa mbili, nikaamshwa saa sita. Daktari Selamawit alikuwa na homa, anatapika kwenye ndoo, akarudi anachora. Fundi wa picha aliacha mtoto wake anabatizwa. Nao Pagume hawalipwi."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungevuka ua."

"Ni wao, Yeshi. Wangelipa hizo siku tano, wangeweka ukurasa..."

"Ni wao. Fikremariam ana makosa kuanzia unyayo mpaka utosini, na Mungu amlipe kwa mizani yake." Aliokota jiwe dogo jeusi, akalitupa uani. "Lakini mimi sikuolewa na Fikremariam."

Alichambua dengu. Shiferaw alisimama na kofia yake ya ulinzi mkononi, ambayo alipaswa kuirudisha na alikuwa amesahau.

"Basi la Harar linaondoka Jumapili alfajiri," alisema baadaye. "Nitakata tiketi mbili."

"Kata mbili. Yangu na ya Wubalem. Nimekwisha msikia anakohoa pale ukutani, maana yake amesikia yote na amekubali."

Kikohozi kilikuja toka ng'ambo. "Nimekubali," ilisema sauti ya Wubalem.

"Atafanya nini Wubalem huko wiki tano? Mimi ndiye mumeo."

"Atakaa na mimi."

Shiferaw alitazama miguu ya mkewe, iliyokonda mpaka viatu vimekuwa vikubwa.

"Basi nikubebee mzigo mpaka kituoni."

Yeshimebet alipeperusha sinia, maganda yakaruka, dengu zikarudi zote.

"Ataubeba Wubalem," alisema. "Yeye hataniuliza ni mwezi gani."